Fidla ya Alhamisi: Joe Thompson na muziki uliobaki mkononi mwa mtu mmoja

Ipo video ya mwaka 1983 ambayo nimeitazama mara nyingi mno, nyingine saa za kazi kabisa. Wazee wawili Weusi wa North Carolina wamekaa, mmoja ana fidla, mwenzake ana banjo. Anayewarekodi ni Alan Lomax, yule mtafiti wa Kimarekani aliyezunguka nusu ya dunia akikusanya nyimbo za watu wa kawaida. Wazee hawana mbwembwe. Wanaanza kupiga, na ndani ya sekunde chache mguu wako nao unaanza kugonga sakafu bila kukuomba ruhusa.

Niliipata kwa bahati tu. Usiku huo nilikuwa natafuta rekodi za zamani za Hukwe Zawose, na mtandao, kama kawaida yake, ukanitoa Bagamoyo ukanipeleka Marekani. Nilikuwa nakaribia kuifunga. Kichwani mwangu, fidla na banjo zikikaa pamoja maana yake ni Wazungu wa milimani, kofia pana, suruali za kamba begani, zile picha tulizolishwa na sinema. Hawa wawili walikuwa watu wazima Weusi, wanapiga muziki huohuo, na wanaupiga kama watu walio nyumbani kwao. Basi nikajiuliza swali la kijinga ambalo mwandishi wa habari yeyote angeuliza: hawa wameingiaje humu?

Baada ya kusoma kwa muda ndipo nikaelewa kwamba swali langu lilikuwa limesimama kichwa chini. Hawakuingia. Walikuwemo tangu mwanzo.

Mpiga fidla anaitwa Joe Thompson. Mwenye banjo ni binamu yake, Odell Thompson. Makala hii ni ya Joe zaidi, ila huwezi kumsimulia Joe bila Odell, kama ambavyo huwezi kumweleza mmoja bila ndugu zake, baba yake na mlango wa nyumba yao, ambao pia una sehemu katika hadithi hii.

Joe alizaliwa Desemba 9, 1918, katika Wilaya ya Orange, North Carolina, si mbali na mji mdogo wa Mebane. Watu wa nyumbani kwao walikuwa wakulima. Baba yake, John Arch Thompson, alikuwa mpiga fidla. Babu yake, aliyezaliwa utumwani, naye alikuwa mpiga fidla. Tafadhali simama hapo kidogo. Kati ya mtoto huyu na enzi ya utumwa palikuwa na mkono mmoja tu, mkono wa baba yake. Muziki alioupiga Joe mbele ya kamera ya Lomax haukutoka kitabuni wala kwenye santuri. Ulitoka kwa mtu aliyeupokea kwa mtu aliyekuwa mali ya mtu.

Fidla na utumwa vilijuana sana kuliko tunavyodhani. Katika magazeti ya kikoloni ya Marekani, wenye watumwa walipotangaza kwamba mtumwa wao ametoroka, waliandika umri, rangi, makovu, na mara nyingi waliongeza kwamba mtu huyo anajua kupiga fidla. Ilikuwa alama ya kumtambulia, kama vile leo tungesema ni fundi magari. Ngoma zenyewe zilitia mashaka. Baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739 huko South Carolina, sheria ya mwaka uliofuata iliwakataza watumwa kutumia ngoma, kwa kuwa ngoma huita watu wakakusanyika. Fidla haikukatazwa. Mabwana waliihitaji, kwa sababu nani angepiga muziki wakati wao na wageni wao wanacheza dansi?

Wale mliosoma kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853, au mliotazama filamu iliyotokana nacho, mtakumbuka kwamba Northup alikuwa mtu huru wa jimbo la New York, na fidla ilikuwa mojawapo ya njia zake za kujipatia riziki. Waliomlaghai mwaka 1841 walimvuta kwa ahadi ya kazi ya kupiga muziki. Huko Louisiana alikouzwa, fidla ilimpa senti mbili tatu na nafuu kidogo. Lakini ni yeye huyohuyo anayesimulia jinsi bwana wake, Epps, alivyokuwa akiwaamsha watumwa waliochoka na kazi ya shamba ili wacheze usiku, huku yeye akilazimishwa kupiga. Chombo hichohicho kilikuwa faraja na kilikuwa adha. Tangu niisome sehemu ile, nikisikia mtu anasema muziki wa zamani wa Marekani ni muziki wa furaha ya mashambani, huwa nauliza: furaha ya nani?

Halafu kuna banjo. Hapa sina budi kuwa mwangalifu, maana sisi Waafrika tukisikia kitu fulani kilitoka Afrika huwa tunakimbilia kujipa sifa hata ambazo si zetu. Banjo haikutoka kwetu Afrika Mashariki. Ndugu zake wa karibu wako Afrika Magharibi. Mmoja wao ni akonting, chombo cha Wajola wa Senegambia: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mrefu, nyuzi tatu, na mmojawapo ni mfupi, unapigwa kwa kidole gumba. Daniel Jatta wa Gambia alipouonyesha kwa watafiti wa banjo, karibu miaka ishirini na mitano iliyopita, kilichowashtua zaidi ya umbo ni mkono. Mpigaji wa akonting hushusha ukucha kwenye uzi, kisha gumba linadaka ule uzi mfupi. Namna hiyohiyo walipiga wazee wa Carolina. Umbo la chombo linaweza kunakiliwa na fundi yeyote. Namna mkono unavyokwenda haikai dukani, inarithishwa mtu kwa mtu.

Kiungo chetu sisi na banjo ni chembamba, ila kipo. Mwaka 2005 mpiga banjo maarufu, Béla Fleck, alikuja Uganda na Tanzania kabla ya kwenda Gambia na Mali, akapiga na wanamuziki wa huku, akiwemo Anania Ngoliga na ilimba yake. Filamu iliyotokana na safari hiyo, ya mwaka 2008, inaitwa Throw Down Your Heart. Mswahili yeyote atalitambua jina hilo mara moja likirudishwa kwao: ni Bagamoyo, bwaga moyo. Fleck aliona kwamba jina la mji wetu, ambako misafara ya watumwa na pembe iliishia, linabeba kitu ambacho banjo nayo inakibeba. Turudi Mebane.

Joe alianza utotoni. Alipata fidla isiyo na nyuzi, na nyumbani hapakuwa na pesa ya nyuzi, kwa hiyo akachomoa nyaya kwenye wavu wa mlango. Ndiyo mlango niliousema. Nimefikiria sana mama wa nyumba ile alisema nini mbu walipoanza kuingia. Kwa nyaya hizo mtoto akatafuta sauti alizozisikia kwa baba yake. Ndugu yake Nate akashika banjo. Joe alikuwa akisimulia kwamba walipoanza kupiga kwenye dansi za watu wazima, walikaa kwenye viti na miguu yao haikufika sakafuni.

Dansi zenyewe zilikuwa na sababu ya kazi. Mahindi yakivunwa, mkulima aliyarundika, akaita majirani waje kumenya. Ni ujima uleule tunaoujua. Watu wanakuja jioni, wanakaa kuzunguka lundo, wanamenya huku wakisimuliana, na kazi ya mtu mmoja ya wiki nzima inaisha usiku mmoja. Mwenye shamba wajibu wake ni chakula. Wakishakula, vyombo vya nyumba vinasogezwa pembeni, na John Arch na ndugu yake Walter, baba yake Odell, wanatoa fidla na banjo. Baadaye kazi hiyo ikawa ya watoto wao. Anasimama mtu wa kuita hatua: wanaume kulia, wanawake kushoto, zungusha mwenzio, shikaneni mikono. Huyo mwitaji naye, wanasema wanahistoria, ni kitu ambacho wapiga fidla Weusi walikuwa wakikifanya mapema sana, kwani mara nyingi ndio waliokuwa wakipigia dansi za pande zote mbili na kuwaambia wachezaji wafuate nini.

Na hawa Thompson walipigia pande zote mbili. Wiki hii kwa majirani Weusi, wiki ijayo kwa Wazungu. Sheria za ubaguzi ziliwatenganisha shuleni, kanisani, kwenye basi na makaburini, lakini mahindi ya Mzungu nayo yalihitaji kumenywa, na watu wakishamenya wanataka kucheza. Sisemi kwamba fidla iliwapatanisha. Mpiga muziki aliingia, akapiga, akalipwa au akapewa chakula, akaondoka. Ninachosema ni kwamba muziki ulikuwa mmoja. Mzungu na Mweusi wa Wilaya ya Orange mwaka 1930 walikuwa wanacheza nyimbo zilezile.

Sasa, kama muziki ulikuwa mmoja, kwa nini mimi, na pengine na wewe, tulikua tukiamini ni wa Wazungu?

Jibu linaanzia kwenye biashara. Mwaka 1922 Eck Robertson, mpiga fidla wa Texas, alirekodiwa New York. Mwaka uliofuata, huko Atlanta, kampuni ya OKeh ikamrekodi Fiddlin' John Carson, na santuri yake ikauzwa kuliko kampuni ilivyotarajia. Makampuni yakaona kuna pesa vijijini. Lakini yalihitaji mafungu ya kuuzia, kwa hiyo yakatengeneza makabati mawili. Kabati moja la Wazungu wa mashambani: fidla, banjo, nyimbo za zamani. Kabati la pili la watu Weusi, ambalo waliliita la santuri za kabila: blues, jazz, nyimbo za dini. Mpiga fidla Mweusi akifika studio anaambiwa, hiki unachopiga wenzio hawakinunui, huna blues? Wapo waliopenya. Andrew Baxter wa Georgia, mpiga fidla Mweusi, alirekodi na mwanawe Jim, na mwaka 1927 akarekodi wimbo mmoja pamoja na bendi ya Wazungu. Lakini ni wa kuhesabu. Wengi kama John Arch hawakumwona hata mtu wa kampuni.

Kisha akaja Henry Ford, huyuhuyu wa magari. Miaka ya 1920 Ford alikuwa anaichukia jazz, na gazeti lake lilikuwa likiandika kwamba ni njama ya Wayahudi ya kuharibu vijana. Dawa yake ikawa dansi za zamani na fidla. Mwisho wa mwaka 1925 alimwalika Mellie Dunham, mzee wa Maine, akampa heshima ya kitaifa, na magazeti yakaandika nchi nzima. Fidla ikafanywa alama ya Marekani safi, yenye maadili, na nyeupe. Huku mjini Mebane familia ya Thompson wanakaza nyuzi kwa ajili ya dansi ya Jumamosi. Hakuna aliyewauliza.

Ila si haki kuwabebesha Wazungu peke yao. Watu Weusi wenyewe walianza kuiacha banjo, na walikuwa na sababu. Tangu miaka ya 1830 na 1840 kulikuwa na maonyesho ya Wazungu waliojipaka masizi usoni, wakapiga fidla na banjo, wakamwigiza mtu Mweusi kama mjinga anayechekacheka. Maonyesho hayo yalipendwa kwa karibu karne nzima. Ukikua ukiona chombo cha babu yako kinatumika kumdhihaki babu yako, utakishika? Tena vijana walikuwa wanahamia kaskazini kwenye viwanda. Gramafoni na redio zikaingia. Dansi za kumenya mahindi zikafa. Odell mwenyewe aliweka banjo chini, akashika gitaa na blues, kwa sababu ndiyo watu walitaka kusikia.

Joe naye aliweka fidla chini, kwa sababu ya kawaida kabisa: maisha. Vita ya Pili ilipokuja alichukuliwa jeshini, akaendesha katapila Ulaya katika kikosi cha watu Weusi, maana jeshi lililokwenda kupigana na Hitler lilikuwa lenyewe limetenganishwa kwa rangi. Aliporudi akaoa, akaajiriwa kwenye kiwanda cha samani mjini Mebane, na akafanya kazi humo kwa miaka mingi. Fidla ilibaki nyumbani. Hakuna aliyeikataza. Hakukuwa tu na mtu wa kumpigia.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo waandishi huwa wanairuka kwa sentensi moja, na mimi nilikaribia kufanya hivyo. Ni zaidi ya miaka ishirini. Fikiria mtu anaamka, anakwenda kiwandani, anarudi na vumbi la mbao, na kichwani ana kitu ambacho karibu kila mtu mwingine wa aina yake amekisahau. Hajui kama ni hazina. Kwake ni nyimbo za baba tu.

Mwaka 1973 alikuja mtafiti kijana, Kip Lornell, akiulizia wanamuziki Weusi wa eneo lile. Akawapata Joe na Odell. Wakakaa pamoja tena, fidla na banjo, na ikaonekana mikono haijasahau. Wakaanza kualikwa kwenye matamasha. Mwaka 1990 walipiga Carnegie Hall, New York. Mwaka 1991 jimbo lao likawapa tuzo ya urithi. Wafanyakazi wawili wa Mebane, waliojifunza muziki kwenye malundo ya mahindi, sasa wanapigiwa makofi na watu waliolipa kiingilio kukaa kimya na kusikiliza muziki uliotengenezwa kwa ajili ya miguu. Sijui kama waliliona hilo kuwa la ajabu. Mimi naliona.

Mwaka 1994 Odell aligongwa na gari akafa.

Kwa mpiga fidla wa aina ya Joe, hili lilikuwa pigo la ndugu na pigo la chombo kwa wakati mmoja. Fidla yake ilikuwa nusu ya sauti. Upinde wake ulikwenda mfupi mfupi, wa kukatakata, ukiacha nafasi ambazo banjo ilizijaza. Wapiga banjo wazuri walikuwepo, na wengine walimsaidia. Mwaka 1999 ikatoka santuri yake yenye jina linalomaanisha mila ya ukoo. Lakini katika ukoo wenyewe hakuwepo tena wa kukaa kiti cha pili. Mwaka 2001 akapatwa na kiharusi. Mzee wa miaka zaidi ya 80, mpiga fidla, kiharusi. Ukiwa mwandishi wa habari, hapo unaanza kuandaa tanzia.

Joe hakusoma tanzia. Alijilazimisha kurudia, mkono ukatii kiasi, akaendelea kupiga.

Aprili 2005, katika mji wa Boone, North Carolina, palifanyika mkusanyiko wa watu wanaoipenda banjo kama chombo cha watu Weusi. Wengi walikuwa wamejuana kwenye mtandao na kudhani wako peke yao. Miongoni mwao walikuwepo vijana watatu: Rhiannon Giddens, aliyesomea uimbaji wa opera, Dom Flemons, aliyetoka Arizona, na Justin Robinson, aliyepiga fidla tangu utotoni. Joe alikuwepo, ana miaka 86. Kwa vijana hawa, ambao maisha yao yote waliulizwa wanafanya nini kwenye muziki wa Wazungu, mzee yule alikuwa jibu linalotembea.

Wakaanza kwenda kwake. Kila Alhamisi jioni waliendesha gari hadi Mebane, wakakaa sebuleni, wakapiga. Hakuwa na mtaala. Hakusimamisha wimbo kusema hapa kidole kiko hivi, hapa upinde uko hivi. Alipiga, wao wakafuata. Wakikosea aliendelea kupiga. Wimbo mmoja ungeweza kuzunguka na kuzunguka hadi usahau umeanza lini, na katika kuzunguka huko ndipo mwanafunzi anapoacha kuhesabu na kuanza kusikia. Ndivyo yeye alivyojifunza kwa John Arch, na John Arch kwa baba yake. Nadhani hii ndiyo sababu walirudi kila wiki. Nyimbo zenyewe wangeweza kuzipata kwenye rekodi. Ila rekodi haikutazami usoni ukikosea.

Wale watatu wakawa bendi, Carolina Chocolate Drops. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 2006, inabeba jina la wimbo walioupata sebuleni kwa Joe. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ikampa Joe tuzo ya juu kabisa ya sanaa za asili, na mwaka huohuo akapiga na vijana wake kwenye tamasha la MerleFest. Rekodi ya siku hiyo ilitoka baadaye kama albamu. Mwaka 2011 bendi ikachukua Grammy. Joe alikuwa bado hai, akasikia. Alifariki Februari 20, 2012, akiwa na miaka 93.

Rhiannon Giddens hajaacha kumtaja. Mwaka 2023 yeye na Michael Abels walipata tuzo ya Pulitzer kwa opera iitwayo Omar, kuhusu Omar ibn Said, msomi Mwislamu kutoka Senegal ya leo aliyeuzwa utumwani Carolina na kuandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831. Mwaka 2024 banjo yake ndiyo inayofungua wimbo wa Beyoncé uliochezwa mpaka kwenye bodaboda zetu. Na mwaka 2025 yeye na Justin Robinson, ambao bendi yao iliachana zamani, walikaa tena wawili, fidla na banjo, wakatoa albamu ya nyimbo za North Carolina. Nyingi ni za Joe. Ukiisikiliza, sikiliza upinde wa Robinson. Mfupi mfupi, wa kukatakata, ukiacha nafasi.

Nilitaka kuishia hapo. Ila nimewaahidi wasomaji wa ukurasa huu kwamba sitaandika historia ya watu wa mbali kana kwamba hainihusu.

Miaka minane hivi iliyopita, nikiwa kijana kazini, nilitumwa mkoani Dodoma kuandika habari za ziara ya kiongozi mmoja. Kijijini palikuwa na mzee aliyepiga zeze kabla ya hotuba. Alipiga labda dakika nne, akakatishwa kwa sababu msafara umefika. Baada ya shughuli nilimfuata, nikampa shikamoo, nikamuuliza jina na umri. Akaniambia, mjukuu wangu, hilo nililopiga lina mwisho wake, sikufika. Njoo siku nyingine nikumalizie. Nikamwambia nitakuja, mzee. Nilikuwa na simu yenye uwezo wa kurekodi mfukoni, na gari la ofisi lilikuwa linapiga honi. Habari niliyoandika ilikuwa na maneno mia nne, na mzee hakuwemo.

Nilirudi baada ya miaka mitatu, si kwa ajili yake, kwa kazi nyingine. Nikauliza. Nilionyeshwa kaburi. Mwanawe alinipokea vizuri, akanitolea hata zeze lenyewe, limekaa juu ya kabati la vyombo, halina uzi. Yeye hapigi. Nikamuuliza kama anaujua ule wimbo, akasema anaujua mwanzo wake.

Sina maana kwamba mzee yule alikuwa Joe Thompson wetu. Sijui alikuwa nani, na hiyo ndiyo aibu yangu. Najua tu kwamba kati ya Lornell na mimi tofauti haikuwa elimu wala vifaa. Yeye alirudi. Na kati ya wale vijana watatu na mashabiki wengine wote wa banjo waliokuwepo Boone mwaka 2005, tofauti ilikuwa ya Alhamisi tu: wao walijaza mafuta kwenye gari wakaenda, wiki iliyofuata wakaenda tena.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mwanawe yule mzee. Nilimwambia nataka kuja kumrekodi akiimba ule mwanzo anaoukumbuka, hata kama ni kwa mdomo. Alicheka, akasema sauti yake mbaya. Nikamwambia haidhuru, kaka. Ameniambia kuna shangazi yake, dada wa marehemu, yuko kijiji cha pili, bado ana kumbukumbu nzuri. Tumepanga siku.

Ni Alhamisi. Sikuichagua mimi, ndiyo siku ambayo hakuna mnada.